Kibali Kwanza, Msingi Baadaye

Msikilizaji, kama una kiwanja mjini na matofali yameshashushwa, usimwite fundi kwanza. Hapa Tanzania, kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, mamlaka ya upangaji ni halmashauri, na ujenzi unahitaji kibali chake.

Peleka michoro ya jengo na uthibitisho wa umiliki. Wataalamu wataipitia: mhandisi, mpangamiji, afisa afya. Huyu wa afya ataangalia shimo la choo limekaa wapi, na kama gari la majitaka litalifikia. Ni jambo la maana sana. Kwenye mitaa iliyobanana, choo kikijaa hakuna pa kupita. Ukianza bila kibali, unaweza kuamka ukute X nyekundu ukutani, alama ya kubomolewa.

Maombi ya kubadili matumizi, tuseme nyumba ya makazi iwe baa, hujadiliwa na Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, wanakokaa madiwani mliowachagua. Jirani, hapo una sauti. Andika pingamizi kwa mkurugenzi wa halmashauri, taja namba ya kiwanja na sababu zako, nakala mpe diwani kabla kikao hakijakaa. Dai barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa.