MUKATE WA MOTO NA YAI NA MBOGA
Mazungumzo na wamama siku ya kupima watoto

 

Leo tutazungumza juu ya chakula cha asubuhi. Kila mama ajiulize: mutoto wangu alikula nini mbele ya kutoka nyumbani? Wengi watajibu: "Chai na mukate." Ni vizuri, lakini haitoshi. Mukate unaleta nguvu na kujaza tumbo, lakini haujengi mwili sawasawa. Mutoto anayeshiba mukate na bugali tu, kila siku, anaweza kupata bwaki. Miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, hachezi tena, analialia. Mama anasema: "Lakini mutoto yangu ananenepa!" Hapana, mama. Ule si unene, ni maji.

Basi, mukate ule tuutie vitu viwili: yai kwa kujenga mwili (yai moja lina gramu 6 hivi za protini), na mboga kwa kulinda mwili.

Wengine kati yenu munafuga kuku, lakini mayai yote yanaenda soko, na kwa franka zile munanunua mukate na sukari. Uzisha, mama, lakini yai moja libaki kwa mutoto. Kuna wanaosema kwamba mutoto akila yai atakuwa mwizi, ao mama mwenye mimba akila yai atazaa mutoto bila nywele. Tunaheshimu wazee, lakini yai halileti mambo hayo.

Mutasema: "Makala iko bei." Ni kweli. Lakini maharagi yanakaa saa nyingi juu ya mbabula, na chakula hiki kinaiva kwa robo saa tu.

VITU VYA KUTAFUTA (watoto wawili)
Mukate 1, mayai 2, karoti 1 ndogo, nyanya 1, kitunguu nusu, lengalenga ao shu ya kujaza mukono, mafuta kijiko 1, chumvi kidogo.

NAMNA YA KUPIKA
1. Nawa mikono na sabuni. Osha mboga kwa maji safi, kisha uzikate vidogovidogo. Maji ya ziwa yasiyotiwa dawa wala kuchemshwa yanaweza kuleta kolera. Hapa Goma tunaijua: mwaka 1994 iliua maelfu ya wakimbizi.
2. Vunja kila yai peke yake katika kikombe, ulinuse. Likinuka, ulitupe. Piga mayai mazuri pamoja na chumvi.
3. Pasha mafuta. Kama ni mawese, usiyachome mpaka yawe meupe, kwa maana vitamini A inapotea. Tia kitunguu na karoti, halafu nyanya na majani. Koroga mpaka zilainike na maji yake yakauke. Yakibaki, mukate utalowana.
4. Punguza moto, mimina mayai, geuza. Yai liive kabisa, lisibaki majimaji.
5. Pasua mukate, tia yai na mboga ndani. Urudishe mukate katika kikaango, uukandamize na kifuniko dakika 2, kisha ugeuze upande mwingine.
6. Kata, mukule ungali moto. Usiulaze mpaka kesho.

WATOTO WADOGO
Chini ya miezi 6, maziwa ya mama tu. Kuanzia miezi 6, ponda yai lililoiva na mboga, mupe kwa kijiko, na kunyonya kuendelee. Akipita mwaka mumoja, mukatie mukate vipande vidogo, naye akule akiwa ameketi.

Yai likikosekana, tia maharagi yaliyopondwa ao sambaza iliyosagwa.

Lakini sikieni vizuri: mukate huu unasaidia kuzuia bwaki, hauponyi bwaki. Bonyeza mguu wa mutoto kwa kidole. Shimo likibaki, usingoje siku ya kupima. Mulete leo.

TUJIBU PAMOJA
– Mukate peke yake unakosa nini?
– Kwa nini tunavunja kila yai katika kikombe?
– Mguu wa mutoto ukibaki na shimo, tufanye nini?

Sasa mama mumoja awashe mbabula, na mwingine aoshe mboga. Tupike.