Israfu ya Umeme katika Uchimbaji wa Sarafu za Kidijitali

(Hotuba kwa Waislamu wa Kipili, Mkoa wa Rukwa)

Sifa zote njema ni za Allah, Bwana Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, vijana wetu wa Kipili na Kirando hutuuliza kuhusu "uchimbaji" wa sarafu za kidijitali. Uhalali wa kuziuza na kuzinunua wanazuoni wamekhitilafiana, nasi hatutaingia humo leo. Tutazungumzia jambo wasiloliuliza, nalo ni umeme unaoliwa na kazi hiyo.

Ieleweke kwanza kuwa hapana sururu wala shimo. Bitcoin, iliyoanza mwaka 2009, huendeshwa na kompyuta zinazoshindana kubahatisha namba. Kila dakika 10 hivi mmoja hushinda na kupewa sarafu mpya. Wengine wote huwa wameteketeza umeme wao bure, na shindano huanza upya. Mashine zikiongezeka, sarafu haziongezeki. Namba ndiyo hufanywa ngumu zaidi. Kazi ya kuandika miamala ingeweza kufanywa na mashine chache tu, lakini tamaa ya kushinda haikubali. Hivyo duniani hutumika zaidi ya uniti bilioni 100 za umeme kwa mwaka, mara kadhaa ya umeme wote unaozalishwa Tanzania, na sehemu yake kubwa hutokana na gesi na makaa ya mawe.

Sisi watu wa Rukwa tunaijua thamani ya umeme. Kwa miaka mingi mkoa wetu ulitegemea nyaya zitokazo Zambia na jenereta za dizeli za Sumbawanga. Ukame wa mwaka 2024 ulipopunguza maji ya Ziwa Kariba, Wazambia walikaa gizani saa nyingi kila siku.

Wapo wasemao kwamba mashine hizo zitumie umeme wa maji uliobaki. Hoja hii ina uzito. Katika Kongo, jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa, Hifadhi ya Virunga ilijenga vituo vya umeme wa maji ili wananchi waache kukata miti ya hifadhi kwa ajili ya mkaa. Mwaka 2020, umeme wa kituo cha Luviro ukiwa haujapata wanunuzi wa kutosha, hifadhi iliweka hapo mashine za Bitcoin, na mapato yake yakasaidia gharama wakati watalii hawaji. Huko Zengamina, kaskazini magharibi mwa Zambia, kampuni ya Gridless ya Kenya nayo iliweka mashine zitumie umeme uliozidi mahitaji ya vijiji, na kukigawia kituo sehemu ya mapato.

Hatuwalaumu. Lakini imepokewa na Ibn Majah kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza Saad kufanya israfu ya maji ya udhu, hata akiwa kando ya mto utiririkao. Isnadi yake imezungumzwa, ila maana yake inaafikiana na katazo la israfu katika Sura Al-A'raaf, aya ya 31. Basi tuulize: umeme huo umebaki kwa sababu gani? Mara nyingi ni kwa kuwa nyaya hazijafika kijijini, au mwenye nyumba hana fedha za kuunganishiwa. Dawa ya hapo ni nyaya. Mashine ipewe kinachobaki kweli, na izimwe siku zahanati au kinu cha kusaga kitakapouhitaji umeme huo.

Iko dawa kubwa zaidi. Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha shindano la mashine. Wathibitishaji wa miamala sasa huweka amana ya sarafu zao, na matumizi ya umeme yalipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Sarafu haikufa. (Wavuvi wetu wa dagaa waliacha karabai wakashika taa za sola, na dagaa wanakuja vile vile.) Wenye Bitcoin husema shindano ndilo ulinzi wao, na hawajakubali kubadilika.

Kijana anayeshawishiwa kuingia katika kazi hii aulize mashine ziko wapi, zinatumia umeme wa aina gani, na nani ameukosa. Akiambiwa kuwa simu yake ndiyo itakayochimba Bitcoin, ajue simu haina uwezo wa kushindana na mashine hizo. Anayemwambia hivyo anatafuta fedha zake.

Wabillahi tawfiiq.