Mtumbwi Usiende Mrama

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vinavyotumia mitumbwi pwani)



Nimeombwa tuzungumze juu ya kushika njia wakati wa upepo na mawimbi. Mimi si nahodha, na hapa kuna wazee waliokulia baharini. Nitasema niliyofundishwa na wavuvi, na niliyojifunza siku niliyokaribia kuzama.

Siku hiyo tulikuwa tunavuka mkono wa bahari, watu wanne na magunia matatu ya mahindi. Ilikuwa msimu wa kusi, saa nane mchana. Kwa haraka tuliyarundika magunia yote mbele, kwenye omo. Tulipouacha ufuko, mtumbwi ukaanza kugeukia upepo. Mpiga kafi wa nyuma alivuta upande mmoja tu mpaka mabega yakamlegea. Wimbi likatupiga ubavuni, maji yakaingia. Ndipo mzee mmoja akasema, "Acheni kushindana na mtumbwi. Leteni gunia moja huku nyuma." Tukalikokota polepole, tukiwa tumekaa. Mtumbwi ukanyooka, wala hatukuongeza nguvu yoyote.

Kwa nini ikawa hivyo? Mtumbwi ukienda, omo inakata maji na kubanwa nayo huku na huku. Tezi, yaani sehemu ya nyuma, inapita kwenye maji yaliyokwisha kuvurugwa, basi inateleza kwa urahisi. Upepo wa ubavuni ukiisukuma tezi, omo inageukia kule upepo unakotoka. Mzigo ukizidi mbele, tezi inainuka na upepo unaikamata zaidi. Ukizidi nyuma, omo ndiyo inayoinuka, na mtumbwi unakimbilia kule upepo unakoelekea.

Hata wenye kayaki, ule mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu ambao Wainuiti wa Greenland waliutengeneza kwa ngozi za sili, wana shida hii hii. Baadhi ya kayaki za siku hizi zina kibao chini ya tezi, kinachoteremshwa majini ili nyuma isiteleze. Sisi kibao hatuna, lakini mzigo tunao. Basi tuutumie.

1. Upepo wa ubavuni. Mzigo mzito ukae chini kabisa, katikati, na mwingine kidogo nyuma ya katikati. Mkiwa bado karibu na ufuko, pigeni kafi sawasawa muone omo inageukia wapi. Rekebisheni mzigo hapo hapo, msingoje mfike katikati ya mkondo. Omo ikiendelea kugeukia upepo kidogo, vuteni kafi kwa upana, kama mnachora nusu duara, upande ule upepo unakotoka.

2. Upepo wa mbele. Msirundike mzigo nyuma, maana omo nyepesi hupeperushwa kando. Pigeni kafi kwa mivuto mifupi bila kukatiza. Mtumbwi ukisimama, upepo utaulaza ubavu.

3. Upepo wa nyuma. Huu ndio unaodanganya, kwa sababu mtumbwi unakwenda mbio na watu wanafurahi. Wimbi likiinua tezi, omo nzito inachimba maji, nyuma inazungushwa, na mara mmelipa wimbi ubavu. Hapo ndipo watu wanapinduka. Sogezeni mzigo nyuma kidogo. Mtu wa nyuma alaze kafi majini kama usukani mara anapohisi tezi inainuka, asingoje mtumbwi ugeuke kwanza. Wimbi likitaka kuwabeba, punguzeni kupiga, liacheni lipite.

4. Alama mbili. Kutazama mahali pamoja tu hakutoshi. Chagueni mnazi ulio ufukoni na kitu kingine kirefu nyuma yake, vikae mstari mmoja. Mnazi ukionekana kusogea kushoto, jueni mmechukuliwa kulia, basi rudini kushoto. Rekebisheni kidogo kidogo, mapema.

5. Sauti moja. Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Mmoja aamue mzigo ukae wapi na watu wakae wapi. Wote wakae chini, wavae jaketi za kuokolea, na chombo cha kukumbia maji kiwe karibu. Mtumbwi ukipinduka, shikeni mtumbwi. Msiuache mkaogelea.

Sasa jambo la mwisho, na ndilo lililonileta. Kusi huvuma kwa nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti, na mara nyingi asubuhi huwa na utulivu kuliko mchana. Nahodha akisema, "Leo mchana hatuendi," nani anamuunga mkono? Samaki wanaharibika, mteja anangoja, deni la kikundi lipo. Najua. Lakini kikundi kinachomlaumu nahodha kwa kukataa safari kinamfundisha asikatae tena. Andikeni kwenye daftari la kikundi kwamba neno lake siku hiyo ni la mwisho, na hasara ya safari hiyo ni ya wote.



Maswali ya kujadili kikundini:
- Ni nani hupanga mzigo kwenye mtumbwi wetu, na alifundishwa na nani?
- Mara ya mwisho safari ilipoahirishwa, tulimwambia nini nahodha?
- Jaketi zetu zinatosha watu wote, watoto pia?