Huduma Ugenini, Huduma Nyumbani



Katika maadhimisho haya tumeombwa kusema juu ya vijana wanaokwenda nchi za mbali kujitolea. Jambo hili linatugusa. Baada ya majumba kutaifishwa mwaka 1971, familia nyingi za Kihindi nchini zilihamia Uingereza, Kanada na India. Na hadi leo, mzazi anayemuaga kijana wake hujiuliza kimoyomoyo: je, atarudi? Hofu hiyo ni ya haki. Hata hivyo, kuwafungia vijana mlango si dawa yake.

Tumtazame Mohandas Gandhi. Mwaka 1888, akiwa na umri wa miaka 18, alivuka bahari kwenda London kusomea sheria. Ni huko alikoisoma Bhagavad Gita kwa mara ya kwanza, kwa kualikwa na marafiki aliowapata ugenini. Mwaka 1893 alipita Lamu, Mombasa na Zanzibar akielekea Afrika Kusini. Na vita vya Waingereza na Makaburu vilipozuka mwaka 1899, alikusanya Wahindi wapatao 1,100 wa kuhudumia majeruhi na kuwabeba kwa machela. Ugenini ndiko alikoitambua hazina ya kwao, na ndiko alikoigeuza kuwa kazi ya mikono.

Leo njia zimeongezeka. Shirika la VSO la Uingereza lilianza mwaka 1958 kwa kupeleka ng'ambo vijana waliokuwa wametoka tu shuleni. Ujerumani ilianzisha mpango wa weltwärts mwaka 2008, kwa vijana wa miaka 18 hadi 28. Na tangu 2013 mpango huo hupokea pia vijana wa kwetu kutumikia huko. Hatua hiyo ni kubwa, kwa kuwa kwa muda mrefu kijana wa Ulaya alionekana kuja kutoa, na wa kwetu kukaa akipokea.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji haponi kwa kila ziara. Kijana wa miaka 17 asiyejua kushika mwiko hawezi kutujengea darasa hali fundi wa Mafiga amekaa bila kazi. Aje kwanza kuwa msaidizi wa fundi, aamkie wakubwa, asikilize kabla ya kushauri. Sharti hilohilo tunawawekea vijana wetu waendako kwa watu.

Seva, yaani huduma isiyodai malipo, huanzia mlangoni. Maji yashukayo Uluguru huingia Mto Ngerengere, huhifadhiwa Bwawa la Mindu kwa ajili ya mji wetu, na mto huo huendelea hadi Ruvu, unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Kijana aliyepanda mti kandokando ya kijito na kuutunza, pamoja na wenzake Waislamu na Wakristo, amekwisha kuona kwamba tendo la hapa humfikia mtu asiyemjua. Huko ndiko kuiona dunia, na hakuhitaji pasipoti. Akisafiri baadaye, hatakwenda mikono mitupu.

Kwa hiyo tunatoa pendekezo. Kabla ya kijana kuombewa baraka za safari ya kujitolea, atumikie mwaka mmoja hapa mtaani, bega kwa bega na watoto wa majirani. Na akirejea, hata kama ni kwa likizo, asimame mbele yetu atueleze alichojifunza na pale tunapokosea. Nasi wazee tumsikilize bila kununa.

Hatuwezi kuapa kwamba kila aendaye atarudi. Tunajua tu kwamba aliyepatumikia mahali, moyo wake huacha kitu pale. Asiyewahi kupatumikia hana kinachomwita.