Tathmini Imfuate Mtoto: Safari ya Kutafuta Msaada wa Elimu Maalum katika Chekechea za Isiolo

Mada iliyowasilishwa katika semina ya walimu wakuu na walimu wa chekechea, mjini Isiolo



1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze hatua anazopitia mzazi anapomtafutia mtoto mdogo msaada wa elimu maalum shuleni. Nitakayosema ni maoni yangu baada ya miaka mingi katika kazi ya tathmini, wala si msimamo wa idara.

2. Maana ya istilahi

Hapa sitakawia. Mtoto mwenye mahitaji maalum ni yule ambaye bila msaada wa ziada hawezi kujifunza sawa na wenzake, kwa sababu ya macho, masikio, viungo, akili, usemi au tabia. Tathmini ni kumchunguza ili tujue anaweza nini, anakwama wapi, na asaidiwe vipi. Elimu jumuishi ni kumsomesha katika shule ya jirani pamoja na wenzake. Haya mmeyasikia katika kila semina.

3. Msingi wa kisera na kisheria

Vituo vya tathmini, ambavyo sote tunaviita EARC, vilianza nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Miaka miwili baadaye ikaanzishwa Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, kule Kasarani. Katiba ya 2010, katika vifungu vya 53 na 54, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, na mwenye ulemavu haki ya kuifikia. Tuna pia Sera ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu. Kwa hiyo karatasi hazijapungua.

4. Tatizo lenyewe

4.1 Mtoto mmoja, serikali mbili

Jedwali la Nne la Katiba limeikabidhi serikali ya kaunti elimu ya chekechea. Mwalimu wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, ameajiriwa na kaunti. Mimi ninayepima nimeajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, na kituo changu kiko chini ya Wizara ya Elimu, katika serikali kuu. Mwalimu akigundua jambo kwa mtoto wa miaka minne, hana fungu la kumleta kwangu. Mimi nami sina fungu la mafuta la kumfuata katika darasa ambalo kisheria si la serikali yangu. Sisemi kwamba kuna ofisi iliyokosea. Nasema kila ofisi imefanya sehemu yake, na mtoto amebaki katikati.

Anayeziba pengo hilo ni mama. Kaunti yetu inapita kilomita mraba 25,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002. Merti si karibu kama hapa na Ngaremara. Mama anayetoka Merti analipa nauli, anatafuta jamaa wa kumlaza mjini, na anaacha mbuzi na watoto wengine mikononi mwa jirani. Akifika, huenda akaambiwa afisa yuko nje kikazi.

4.2 Mtoto anayepimwa akiwa amechoka

Naomba nikiri kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, nililetewa msichana wa miaka mitano aliyeshuka garini alfajiri hiyo hiyo. Nilimwonyesha picha: tufaha, garimoshi, jokofu. Akanyamaza. Nikamwambia ahesabu vijiti kwa Kiswahili. Akanyamaza. Nikaandika kwenye fomu: hajui kuhesabu.

Saa sita nilimkuta uani amekaa na mama yake. Mbuzi wa mjini walikuwa wakipita langoni, naye akawanyooshea kidole mmoja mmoja kwa Kiborana: tokko, lama, sadi, afuri, shani. Hakuruka hata mmoja. Nilisimama upande wake wa kushoto nikamwita jina. Hakugeuka. Nikahamia kulia, nikamwita kwa sauti ile ile. Akageuka, akatabasamu. Sikio la kushoto lilikuwa limekauka usaha pembeni.

Shida haikuwa akili. Ilikuwa sikio ambalo zahanati ingeweza kulishughulikia, na lugha ambayo sikuiuliza. Kama ningemtembelea darasani kwake, mwalimu wake angeniambia yote mawili kabla sijakaa. Tulimpa tarehe ya kurudi. Hakurudi; familia ilikuwa imehama na mifugo.

4.3 Karatasi iliyogeuka lango

Ripoti ya tathmini iliwekwa iwe mwanzo wa msaada. Siku hizi imekuwa kibali cha kuingia. Nimewasikia walimu wakimwambia mzazi, "Leta kwanza barua ya EARC." Kisha mtoto anakaa nyumbani mwaka, miwili, akingoja. Walimu wenzangu, kumhamisha mtoto kiti cha mbele hakuhitaji barua. Kumsemesha kwa lugha ya nyumbani hakuhitaji muhuri.

4.4 Mlango ambao sheria iliuacha wazi

Kifungu cha 46 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinaipa Bodi ya Elimu ya Kaunti wajibu wa kuweka vituo vya tathmini kwa kushauriana na serikali ya kaunti, pamoja na huduma hiyo katika zahanati zitakazochaguliwa. Neno ni "kushauriana". Afya nayo iko mikononi mwa kaunti. Gari la chanjo tayari linafika manyatta ambazo gari langu halifiki. Nimeomba kiti kimoja humo katika vikao vingi, nikaahidiwa kwamba suala litafuatiliwa.

5. Mapendekezo

(i) Bodi ya Elimu na idara za kaunti za elimu na afya ziwe na kalenda moja ya safari za mashinani.

(ii) Afisa wa tathmini apewe kiti katika gari la chanjo.

(iii) Tathmini ifanyike Merti, Garbatulla na Oldonyiro, ikiwezekana siku ya soko la mifugo, wazazi wanapokuwa wamekusanyika.

(iv) Kila mtoto apimwe masikio na macho kabla ya mtu yeyote kutaja akili.

(v) Mtoto aulizwe kwa lugha ya nyumbani, kwa vitu anavyovijua.

(vi) Mwalimu wa chekechea awe na daftari la kuandika anachokiona kila wiki, na daftari hilo liambatishwe kwenye ripoti.

(vii) Msaada darasani uanze siku mwalimu anapogundua, si siku barua inapofika.

(viii) Shule yoyote isimrudishe mtoto kwa kukosa barua.

(ix) Familia zinazohama zipewe nakala ya ripoti itakayotambuliwa na shule yoyote.

(x) Kaunti itenge fungu la nauli kwa mzazi anayelazimika kuja mjini, hadi pendekezo la (ii) litakapotekelezwa.

(xi) Pendekezo la (ii) litekelezwe.

6. Hitimisho

Najua baadhi ya mapendekezo haya mmeyasikia kwangu hapo awali. Nayarudia kwa sababu hayajatekelezwa. Siombi kituo kipya wala jengo. Naomba kiti kimoja katika gari linaloondoka kwa vyovyote. Na wakati tukikisubiri, Jumatatu mkirudi darasani, simameni nyuma ya kila mtoto mnayemwita mkaidi, mwiteni jina kwa sauti ya kawaida, upande wa kushoto, kisha wa kulia. Andikeni mtakachokiona.