Somo la Kwanza la Elimu ya Viumbe: Je, Mbegu Hii i Hai?

Ninyi mliokwisha kujua kusoma na kuandika, na sasa mwataka kuendelea na masomo ya sekondari, somo hili ni lenu. Leo twaanza elimu ya viumbe, ambayo wengine huiita baiolojia. Ni elimu ya vitu vyote vyenye uhai: watu, wanyama, ndege, wadudu, miti, majani, hata vijidudu visivyoonekana kwa macho.

Leo hatutasoma mengi. Leo tutapanga. Mwenye kujenga nyumba hupima kiwanja kwanza, ndipo achimbe msingi. Nasi tutapanga majuma sita ya mwanzo, tujue tutaanza na nini, tutafuata na nini, na kwa sababu gani. Kiongozi wa darasa, tafadhali andika ubaoni namba 1 mpaka 6, kila moja katika mstari wake.

Lakini kwanza yanipasa kuwaambia kosa langu, ili ninyi msilirudie.

Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha darasa la jioni la watu wazima. Siku ya kwanza niliandika ubaoni sifa saba za kiumbe hai: hula, hupumua, hujongea, huhisi, hukua, huzaa, na hutoa taka za mwili. Wanafunzi wakanakili. Wakazisoma kwa sauti moja, wakazikariri. Nikafurahi, nikidhani wamejua.

Juma la pili mama mmoja akanyosha mkono. Alikuwa na punje za mahindi amezifunga katika pindo la khanga yake. Akasema, “Mwalimu, samahani. Mahindi haya ni mbegu niliyoiweka tangu mavuno. Mwaka jana nilipanda ya namna hii hii. Nikalima, nikafukia, mvua ikanyesha, na yaliyoota yalikuwa machache tu. Tulinunua unga mpaka mavuno mengine. Sasa niambie, haya yako hai au yamekufa?”

Nikazitazama punje zile. Hazikujongea. Hazikula. Sikuona zikipumua wala zikikua. Kwa orodha yangu ya ubaoni zilikuwa zimekufa. Hata hivyo, kila mkulima ajua ya kuwa punje kavu kama zile zaweza kuota. Mama yule hakuniuliza swali la mtihani. Aliniuliza habari ya chakula cha watoto wake, nami sikuwa na jibu.

Siku ile nilifahamu ya kuwa nimeanzia mwisho. Niliwapa watu majibu kabla hawajauliza swali. Basi majuma yetu sita yataanza na swali la yule mama: Kitu hiki ki hai? Nasi tutajuaje?

Sasa andikeni.

JUMA LA 1: KUTAZAMA. Siku hii vitabu hufungwa. Tokeni nje ya darasa, na kila mmoja alete kitu kimoja. Leteni jiwe, jani bichi, jani kavu, siafu, kipande cha mkaa, yai, punje ya mahindi, mfupa, chumvi, kiazi. Viwekeni mezani, kisha vigaweni mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la vitu vilivyo hai. La pili ni la vitu vilivyokuwa hai zamani na sasa vimekufa. La tatu ni la vitu ambavyo havikupata kuwa hai kamwe.

Mtabishana. Mmoja atasema yai li hai, mwingine atakataa. Mkaa ulikuwa mti. Je, uwekwe wapi? Msiogope ubishi huo. Kiongozi na aandike kila jambo lililobishaniwa, wala asiseme nani ameshinda. Orodha ya mambo tusiyokubaliana ndiyo mali yetu ya kwanza.

JUMA LA 2: KUJARIBU. Macho hayatoshi kutuambia kilicho hai. Yatupasa kujaribu. Chukueni maharage 30 ya kundi moja. Chemsheni 10 kwa muda wa dakika 10, kisha yaacheni yapoe. Tayarisheni visahani vitatu, kila kimoja na kitambaa chake. Kisahani A kina kitambaa chenye maji na maharage 10 yasiyochemshwa. Kisahani B kina kitambaa chenye maji na maharage 10 yaliyochemshwa. Kisahani C kina kitambaa kikavu na maharage 10 yasiyochemshwa. Viwekeni mahali pamoja, pasipo jua kali. Kila siku vilowesheni A na B, lakini C msikitie maji.

Baada ya siku tano au sita tazameni. Katika A mtaona vimizizi vyeupe. Katika B hamna kitu, ila huenda maharage yameanza kuoza. Katika C maharage yamebaki vile vile.

Kwa nini visahani vitatu, wala si kimoja? Kama tungekuwa na A peke yake, tungeona maharage yameota, basi. Tusingejua yameota kwa sababu gani. B chatuambia ya kuwa moto umeua kitu ndani ya mbegu, ijapokuwa kwa macho haikubadilika sana. C chatuambia ya kuwa bila maji mbegu hulala. Na mkitaka kujua kama mbegu za C zimelala au zimekufa, ziloweshe sasa, mngoje tena. Kulinganisha namna hii, kubadili jambo moja tu na kuyaacha mengine sawasawa, ndiyo njia kuu ya wataalamu. Haihitaji jumba la vioo. Yahitaji visahani vitatu na uvumilivu.

JUMA LA 3: KUPUMUA. Hapa tutajaribu jambo ambalo macho hayawezi kuliona. Chukueni chupa mbili zenye midomo mipana na vifuniko vyake. Katika ya kwanza tieni maharage yaliyokwisha kuota, yajaze theluthi ya chupa. Katika ya pili tieni maharage kiasi kile kile yaliyochemshwa siku ile ile na kupozwa. Zifungeni sana, mziache usiku kucha. Asubuhi fungueni kila moja taratibu, mteremshe ndani kijiti kinachowaka. Katika chupa ya maharage yaliyoota, moto utazimika upesi. Katika chupa ya pili utaendelea kuwaka kitambo.

Sababu ni hii. Mbegu inayoota huvuta hewa ya oksijeni, nayo hutoa hewa ya ukaa, kama wewe ufanyavyo. Moto nao huhitaji oksijeni, basi usipoipata huzimika. Mbegu haina pua wala mapafu, lakini yapumua.

JUMA LA 4: KUPA MAJINA. Sasa ndipo tutaandika zile sifa saba. Mwaona? Mimi niliziweka siku ya kwanza, na kumbe mahali pake ni juma la nne. Safari hii hamtazikariri tu, kwa maana mmeona mbegu ikikua na kupumua, mmeona mzizi wake ukielekea chini hata mkiigeuza. Maneno yatapata mahali pa kukaa.

Kisha kiongozi na aulize swali hili: Je, moto u hai? Moto hula kuni. Hutambaa. Hukua. Cheche moja huzaa moto mwingine. Huhitaji hewa. Bishaneni juma zima.

JUMA LA 5: SELI. Jibu la moto lapatikana hapa. Mwaka 1665 Mwingereza mmoja, Robert Hooke, alichapisha kitabu cha mambo aliyoyaona kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo sana. Alitazama kipande chembamba cha gamba la mti linalofanyiwa vizibo vya chupa, akaona vyumba vidogo vidogo kama vya sega la nyuki. Akaviita kwa neno lenye maana ya chumba kidogo, na kutoka neno hilo sisi twasema seli. Siku hizi twajua ya kuwa mmea, mnyama na mtu, wote wamejengwa kwa seli, na kila seli hutoka katika seli iliyotangulia. Moto hauna seli. Basi moto si kiumbe hai, ijapokuwa wafanana nacho kwa mengi.

Wakati ule ule, katika mji wa Delft huko Uholanzi, alikuwako mwuza nguo jina lake Antonie van Leeuwenhoek. Alizaliwa mwaka 1632. Hakusoma chuo kikuu wala hakujua Kilatini, lugha ya wataalamu wa siku zile. Alijifunza mwenyewe kutengeneza vioo vya kukuzia, na alikuwa na umri wa miaka 40 hivi alipoanza kupeleka barua zake kwa wataalamu wa London. Aliziandika kwa lugha yake ya Kiholanzi. Katika tone la maji aliona vijidudu hai ambavyo hakuna mtu aliyepata kuviona kabla yake. Mwaka 1680 wataalamu wale walimfanya mwenzao. Basi asiwepo mtu mzima atakayesema, “Mimi nimechelewa.” Kama iko shule ya sekondari karibu nanyi, kiongozi na aende kuomba, mpate saa moja ya kutazama ngozi nyembamba ya kitunguu kwa hadubini yao.

JUMA LA 6: KULITUMIA. Sasa tutamjibu yule mama. Kila mwanafunzi mwenye shamba na alete punje 100 za mbegu anayokusudia kupanda. Asichague zilizo nzuri tu. Achote bila kuchagua. Zipangeni kwenye kitambaa chenye maji, mzikunje humo, mziweke mahali pa joto kidogo pasipo jua. Kiloweshe kitambaa kila siku. Siku ya saba fungueni, mhesabu zilizoota.

Zikiota 90 na zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota 50, maana yake nusu ya mbegu zako hazitaota, hata mvua iwe njema namna gani. Afadhali kujua hayo wiki mbili kabla ya mvua kuliko kuyajua mwezi mmoja baada yake. Na zilizokufa zimekufaje? Chunguzeni. Labda zilihifadhiwa mbichi, zikaota ukungu. Labda zilipata joto kupita kiasi. Labda dumuzi walikula kiini, yaani ile sehemu ndogo ambamo mche umelala.

Mbegu iliyotunzwa vizuri hulala muda mrefu sana. Katika ngome ya kale ya Masada, karibu na Bahari ya Chumvi, wachimbuzi walikuta kokwa za tende za miaka ipatayo 2,000. Mwaka 2005 moja katika hizo ilipandwa, ikaota, ukawa mtende. Mahali pale ni pakavu mno. Ukavu ndio uliomlinda mlalaji.

Yule mama tulimpimia mbegu zake darasani. Katika 100 ziliota 38. Hakulia, wala hakumlaumu mtu. Alihesabu mara ya pili kwa kidole, akaandika 38 katika daftari lake. Kisha akaenda kwa jirani, akaomba punje 100 za kwake, akazipima. Zikaota 94. Wakabadilishana, yeye akatoa kuku. Msimu ule shamba lake liliota lote, na mtihani wa elimu ya viumbe alifaulu vile vile.

Basi mpango wetu ndio huo: tutazame, tujaribu, tulinganishe, ndipo tutaje majina, na mwisho tutumie.

MASWALI
1. Kwa nini tulitumia visahani vitatu badala ya kimoja?
2. Utajuaje kama mbegu kavu imelala au imekufa?
3. Moto wafanana na kiumbe hai kwa mambo gani? Ni jambo gani ambalo hauna?
4. Katika punje 100 za Bwana Juma zimeota 65. Ngapi hazikuota? Ungemshauri nini?

KAZI YA JUMA HILI
Kila mmoja alete kitu kimoja kutoka nyumbani au shambani ambacho hana hakika kama ki hai. Tutaanza na hivyo. Kwaherini mpaka juma lijalo.