Kisanduku cha Pili Hakiongezi Maji

Juma lililopita nilikuwa Igawa, pale barabara kuu ya kwenda Zambia inapokutana na mto Mbarali. Shemeji yangu, mkulima wa mpunga, alikuwa ameuza magunia mawili ili anunue kisanduku cha kukuza mawimbi ya intaneti. Binti yake alikuwa anajaza maombi ya mkopo wa chuo kikuu, na siku ya mwisho ilikuwa imekaribia. Muuzaji aliahidi kasi mara mbili. Walipokifunga, kasi ilipungua.

"Shemeji, nimeibiwa?" akaniuliza.

Nilimjibu kwa lugha ya shambani. Maji ya jaruba huamuliwa kwenye banio, kule mtoni. Ukichimba mfereji wa pili ndani ya shamba lako, unagawa yale yale. Nyaya za baharini zilifika Dar es Salaam tangu 2009, na Mkongo wa Taifa umefika hadi mpakani Tunduma. Lakini nyumba ya shemeji hupokea kutoka mnara wa simu, pamoja na majirani wote. Banio ni huo mnara. Tena visanduku vingi vya bei rahisi vina redio moja tu: hupokea kwanza, ndipo hurusha. Kasi hukatika karibu nusu.

Je, vifaa vya ziada havina kazi? La hasha! Pima kwanza. Kaa na simu kando ya ruta. Kama pale kasi ni nzuri na chumbani ni mbaya, tatizo ni kuta, na kisanduku, au bora zaidi waya, utasaidia. Mwenye uwezo akilipia laini ya kampuni nyingine, amefungua banio la pili; lakini kilichoongeza ni laini hiyo.

Kwa shemeji, hata kando ya ruta mambo yalikuwa ya kusuasua. Ruta yenyewe ilikuwa imefichwa nyuma ya kabati la televisheni, kana kwamba ni fedha! Tukaihamishia dirishani, upande wa mnara. Mawimbi yakapanda, ingawa jioni, kijiji kizima kikiwa mtandaoni, kasi iliendelea kusumbua.

Binti aliamka saa kumi na moja alfajiri, majirani wamelala, akatuma fomu zake zote kabla ya chai. Kisanduku kimerudishwa ndani ya boksi lake. Muuzaji anasema mali ikishauzwa hairudishwi.